Pakiti ya Jumapili

Mubi, tarehe 3 Februari 2024

Shangazi Athanasie,

Salamu kwako na kwa wote mlio hapo Kalembe. Mimi ni mzima. Nakuandikia wewe badala ya Papa kwa sababu Papa ameninyamazia, na mtu pekee anayeweza kumsukuma kaka yako ni wewe.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepata mchumba. Anaitwa Astrid, binti wa Papa Hakorimana, muuza misumari na mabati hapa Mubi. Ni watu wa Masisi kama sisi, ila walihamia huku zamani. Papa Hakorimana hana ubaya nami, lakini ameniambia wazi kwamba bila neno la baba yangu hanipi binti yake. Simlaumu. Hata mimi sitaki kuoa kama mtu aliyeokotwa njiani.

Kwa kuwa rezo, yaani mtandao wa simu, haijarudi huko kwenu, nikatumia mashine. Unaijua ile redio niliyoijenga na Papa wakati wa klabu ya kanisa. Moja ikabaki Kalembe, ya pili nikaja nayo huku. Milima iliyo katikati yetu haipitishi redio, kwa hiyo tunangoja setilaiti ndogo ipite juu. Unairushia pakiti, yaani mstari mmoja wa maneno, nayo inaurudisha chini kwa wote wanaosikiliza. Nikaandika: "Papa, nimepata mchumba. Naomba neno lako." Mashine ya Kalembe ikajibu "imepokelewa". Lakini hilo, shangazi, si jibu la mtu. Mashine inajibu hivyo yenyewe hata kama Papa yuko shambani anapalilia maharage. Nikarudia jioni, nikarudia kesho yake. Imepokelewa, imepokelewa. Na kila setilaiti inapopita, mashine yenu inatangaza yale maneno aliyoyaweka Papa: "Kalembe. Tuko wazima."

Basi najua mko wazima. Kwa nini ananyamaza? Jumapili nilikaa nikimngoja mpaka mchana, maana najua hachomeki waya wa betri kabla ya kutoka kanisani. Alipochomeka, mashine ikatangaza uzima wenu kama kawaida, lakini kwangu hakuna neno.

Kama hataki, aseme hataki. Nitaumia, lakini nitajua la kumwambia Astrid. Nisaidie, shangazi.

Barua hii nampa Valens, motari rafiki yangu anayebeba abiria kwa pikipiki. Ataiacha kwa dada yangu Élisabeth pale Mpofi, naye atawapa kina mama wa soko.

Mwanao,
Darius Tuyizere


Kalembe, 9 Februari

Bwana harusi usiye na harusi,

Barua yako imefika inanuka samaki wa chumvi, kwa kuwa mama aliyeibeba aliisokota katikati ya bidhaa zake. Nimeisoma nimeziba pua.

Kwanza nikugombeze. Umetangaza mchumba wako angani! Si wewe mwenyewe uliyeniambia kwamba kila mwenye mashine kama yenu anasikia, kutoka hapa mpaka Kampala? Basi yuko mtu huko, simjui hanijui, alijua una mchumba kabla ya mimi shangazi yako. Mambo ya kuoa shangazi huambiwa wa kwanza. Umenivua nguo, Darius.

Sasa nimekusamehe. Huyo Astrid anajua kulima, ao anajua misumari tu?

Baba yako pakiti yako ameisoma. Usimwone kimya ukadhani ni hasira. Ana kikohozi kidogo; unajua baridi ya milima yetu msimu huu. Anakunywa maji ya tangawizi, ananung'unika kwamba nayachoma mno, anajifunika tena. Kaka yangu Kabera ni mtu wa kutafuna neno kabla ya kulitema, tangu utoto wetu yuko hivyo. Haraka haraka haina baraka.

Ila neno moja nakuambia bila mzaha. Usije. Njia kati ya Mpofi na kwetu imekuwa mbaya. Sisi kina mama wenye vikapu tunapita, wanatukagua, wanachukua wanachotaka, tunaendelea. Vijana hawapiti. Kijana akionekana anaulizwa ni wa upande gani, na jibu lolote atakalotoa ni baya. Kaa Mubi na simu mbovu unazozitengeneza, ngoja.

Shangazi yako anayekupenda kuliko unavyostahili,
Athanasie


Kalembe, 22 Februari

Élisabeth mwanangu,

Kaa chini kwanza. Mama Mukagasana anayekuletea barua hii nimemwomba asiondoke mpaka umalize kusoma. Mpe mkono wako.

Baba yako ametutoka Jumanne. Kile kifua tulichosema ni baridi hakikuwa baridi. Tulitaka kumbeba kwa machela mpaka hospitali, lakini wiki ile risasi zililia pande zote mbili za njia, na wabebaji walirudi. Alikwenda polepole, akili yake ikiwa sawa. Tumemzika upande wa juu wa nyumba, mchungaji alikuwepo, majirani walikuwepo. Wewe na Darius ndio mliokosekana, na jambo hilo linaniuma hata sasa ninapoandika.

Sasa nisikilize. Darius asijue.

Najua utakavyosema. Lakini kwetu habari ya kifo haitupwi kwa mtu aliye peke yake. Inabebwa na mtu wa ukoo, inasemwa mbele ya watu, na pembeni yake wanakaa wa kumshika akianguka. Ndivyo nilivyoambiwa mimi mume wangu alipokufa, na ndivyo ninavyojaribu kukuambia wewe leo, ingawa kwa barua. Mubi Darius ana nani? Wewe mimba yako iko ukingoni, huwezi kupanda pikipiki. Mimi goti langu halikunjiki, na nikiondoka sasa maharage yote yatavunwa na wengine. Na hata akiambiwa vizuri, Darius atashika njia saa ile ile kuja kuona kaburi la baba yake. Vijana wawili wa jirani yetu walitoka Mpofi kuja kumzika bibi yao. Bibi amezikwa, wao hawajafika. Nimempoteza kaka. Sitampoteza na mtoto wake.

Mashine nimeiacha inafanya kazi. Baba yenu alinifundisha akiwa kitandani, kidole kimoja kimoja, akinicheka. Jumamosi jioni nachomoa waya kama alivyozoea, ili betri nayo ipumzike, Jumapili mchana naurudisha. Kwa hiyo huko Mubi anaona bado tuko wazima.

Kuhusu ndoa, baba yako alinena siku mbili kabla ya kwenda. Nilimsomea tena pakiti ya Darius, akafumba macho, akasema: "Umuambie akuye na ule mubinti, nimuone na macho yangu." Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Hilo ndilo neno lake lote.

Lia, mwanangu. Mama Mukagasana ana muda.

Athanasie


Mpofi, 27 Februari

Shangazi,

Mama Mukagasana alikaa nami mpaka jua likashuka. Asante kwa hilo. Sina la kusema juu ya Papa bado, nikianza sitamaliza.

Lakini la Darius naona unakosea. Waliotutangulia walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe sasa unaficha kifo chenyewe. Hicho kitaumbuliwa na nini? Barua zake zinapita mikononi mwangu. Juzi Valens aliponipa salamu za kaka yangu aliniuliza, "Na Papa wenu iko aje?" Nilimwambia yupo. Nilisema yupo, shangazi, na udongo wake haujakauka.

Nitanyamaza kwa sababu naogopa njia kama wewe unavyoiogopa. Lakini ni mpaka njia ifunguke, si zaidi. Ikifunguka, mmoja wetu ataenda.

Élisabeth


Mubi, 6 Machi

Shangazi,

Nimekuwa mvumilivu. Wiki nzima nimemrushia Papa pakiti, asubuhi na jioni, na nimejibiwa na betri na nyaya.

Papa Hakorimana ameniita jana. Hakunigombeza. Aliniweka kwenye kiti, akaniambia: "Darius, miye sikufukuze. Lakini kuko mutu mwingine anauliza huyu mutoto. Pasaka ikipita bila neno ya baba yako, nitamujibu." Astrid alikuwa nyuma ya pazia, nilimsikia akishusha pumzi.

Nampenda, shangazi. Sikuwahi kukuandikia neno kama hili na sitalirudia, lakini nataka ulijue. Anaponiletea chakula dukani anakaa juu ya betri kuukuu na kunisomea majina ya vipuri vibaya vibaya ili nicheke. Siku nisipomwona nakuwa mkali kwa wateja.

Basi nimeamua. Kama Papa hataki kusema hewani, mimi sina kinyongo; nitakuja aniambie usoni. Nitapita Walikale, nitapita Mpofi, nitatembea kwa mguu palipo pabaya. Wengine wamepita. Wiki ya mwisho ya Machi nitaondoka, isipokuwa Papa atume neno kabla. Mwambie hivyo hivyo nilivyoandika.

Darius


Kalembe, 14 Machi

Élisabeth,

Soma barua ya kaka yako niliyoifunga ndani ya hii, utaona tulipofika. Anakuja. Ameweka na wiki.

Nimekaa na jambo hili tangu juzi. Nikimwandikia kwamba Kabera amekufa, anakuja. Nikinyamaza, anakuja. Kimoja tu kitamzuia, nacho ni neno la baba yake. Kwa barua siwezi, mwandiko wa Kabera anaujua tangu darasa la kwanza. Lakini kwenye mashine hakuna mwandiko. Herufi za Kabera na herufi zangu ni zile zile.

Nitafanya Jumapili hii. Siku nyingine nyumba inajaa watu wanaokuja kuomba niwatumie salamu kwa jamaa zao, na wote wanajua kaka yangu amekufa. Wakiniona naandika jina lake watashangaa. Jumapili asubuhi kijiji chote kiko kanisani. Nitasema goti limeniuma. Nitachomeka waya, nitangoja setilaiti, nitachomoa.

Sijawahi kukosa ibada tangu niolewe. Mungu atanielewa, na Kabera nitamweleza nitakapomkuta. Wewe usiseme nimekuomba ruhusa. Sikukuomba.

Athanasie


Pakiti iliyopokelewa Mubi, Jumapili 17 Machi, asubuhi

KALEMBE KWA MUBI: DARIUS MWANANGU, OA. NIMEKUBALI. USISHIKE NJIA. PAPA


Mubi, 21 Machi

Shangazi mpendwa,

Neno limefika. Asante.

Sitakuja. Usiwe na wasiwasi kwa ajili ya njia, niko Mubi na nitabaki Mubi.

Harusi nitaingojesha kidogo. Papa Hakorimana nimemwambia kuna jambo la nyumbani lazima litimizwe kwanza, naye amenitazama sana, kisha akasema atangoja. Pumzisha goti lako. Uvune maharage salama, na usibebe mizigo mizito peke yako.

Darius


Kalembe, 2 Aprili

Darius,

Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta furaha imebaki wapi. Wewe uliyekuwa unatishia kutembea kwa mguu kutoka Mubi, sasa umepewa mke unasema atangoja kidogo! Mmegombana? Ao huyo mwingine aliyemwuliza ni mrefu kuliko wewe? Niambie, mimi ni shangazi yako, kazi yangu ni kuambiwa.

Baba yako anakusalimu. Anasema harusi isingoje mpaka yeye aote mvi nyingine. Kikohozi kimepungua, sasa amekuwa mtulivu. Maharage yametoka mazuri kuliko mwaka jana, tumeanza kung'oa upande wa juu.

Nimeshangaa jambo moja. Barua zako zote huuliza kwa nini Papa ananyamaza, Papa amesemaje. Katika hii hukuuliza. Umemkasirikia hata baada ya kukubaliwa? Usifanye hivyo. Kaka yangu ni mtu mzuri.

Nijibu upesi.
Athanasie


Mubi, 9 Aprili

Shangazi,

Unaniuliza kwa nini sikuuliza habari za Papa. Ni kwa sababu najua.

Wewe ulikuwa bado kwa mumeo tulipoleta ile mashine Kalembe, hukuwepo. Wazee wa kanisa waliikataa. Walisema watu wataacha ibada na kukimbilia sauti za angani. Papa ni shemasi, alikuwa na haya, lakini aliitaka mashine kuliko kitu chochote. Akasimama mbele ya waumini wote, akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa kwamba tangu Jumamosi jioni mpaka ibada ya Jumapili itakapomalizika mkono wake hautaigusa, hata nyumba ikiwaka moto. Wakamruhusu. Ulidhani ni kwa ajili ya betri, najua, ndivyo alivyowaambia baadaye watu ambao hawakuwepo ili asionekane anajisifu kwa kiapo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu naye.

Tangu siku ile hakuigusa Jumapili asubuhi hata mara moja. Mwaka ule nilipolazwa Goma na homa, Papa akiwa hana habari kama niko hai, alingoja mchungaji atoe baraka ya mwisho ndipo akatoka mbio kuelekea nyumbani kuiwasha mashine. Aliniambia mwenyewe.

Mimi huku sikuapa. Mubi soko la Jumapili ni kubwa na mashine yangu huwa wazi. Nilikuwa dukani nikisafisha simu ya mteja. Mashine ikalia. Nikasoma: "Oa. Nimekubali." Nilifurahi, shangazi, kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilifurahi. Kisha nikasikia watu wanaimba katika kanisa la ng'ambo ya barabara.

Nilijua saa ile. Kama Papa angekuwa mgonjwa tu, asingemruhusu mtu yeyote ndani ya nyumba yake kuigusa. Mashine ya Kalembe isingefunguliwa kabla ya ibada kumalizika ila kama Papa hayuko tena wa kuikataza. Na jina lililo chini lilikuwa lake. Mtu anayeandika jina la Papa kwenye saa ambayo Papa hagusi, huyo anajua kwamba Papa hatajibu.

Nilimaliza kusafisha ile simu. Mteja alikuja, nikampa, akanitania, nikacheka naye. Kisha nikafunga mlango na kukaa sakafuni. Astrid alibisha, nikamwambia kichwa kinauma.

Sijamwambia mtu. Ningemwambia Astrid, babake angetandika mikeka, watu wangejaa, Valens angeijua habari na kuibeba Mpofi, nawe ungejua kwamba najua. Ungeogopa kwamba nimeshika njia. Nikasema bora shangazi alale usingizi. Kwa hiyo nimefungua duka kila siku, na kila jioni setilaiti ikipita nimeandika: "Papa, habari ya jioni." Mashine inanijibu imepokelewa. Najua ni mashine, niliifundisha mwenyewe kujibu. Nikaendelea tu.

Nimekukasirikia, shangazi, lazima niseme. Nimekukasirikia sana. Najua uliogopa njia. Nisingekuja, au pengine ningekuja, sijui. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa mdogo kwamba mtu haambiwi kifo akiwa peke yake. Mama alipokufa ulinipakata, ukamwita jirani akae upande wangu wa kushoto, ndipo ukasema. Safari hii hakukuwa na mtu kushoto wala kulia. Niliambiwa na waya.

Sijui alikufa siku gani. Sijui kama aliisoma pakiti yangu kweli, ao ulisema tu. Siwezi kumwoa Astrid kwa neno ambalo baba yangu hakulisema, na siwezi kumwambia babake kwa nini nangoja. Ndipo nilipo.

Darius


Pakiti iliyopokelewa Mubi, 18 Aprili, jioni

KALEMBE KWA MUBI: BAKI HAPO. USISEME NA MTU. NAKUJA MWENYEWE. ATHANASIE


Mubi, 29 Aprili

Dada Élisabeth,

Hongera kwa mtoto. Shangazi ameniambia ana sauti kubwa na kwamba ulimpata bila shida. Nimefurahi, na ni furaha ya kwanza tangu Machi.

Unajua alivyotoka kwako, maana Valens alimchukua mlangoni pako. Valens anasema njia yote hakufungua mdomo, yeye ambaye hanyamazi hata kwenye maombi, ila kila walipokagua mizigo alisema neno moja tu: "Naenda kwenye kilio." Wakampisha. Kuanzia Kalembe mpaka Mpofi alitembea na kina mama wa soko na lile goti lake. Maharage ameyaacha shambani, nusu hayajang'olewa.

Nilidhani atakuja dukani kwangu. Hakuja. Aliuliza sokoni, "Nyumba ya Hakorimana iko wapi?" akaenda huko kwanza. Hawakuwahi kuonana. Astrid ndiye aliyenisimulia. Shangazi aliingia na vumbi lake, akakataa kiti, akakataa maji, akamwambia Papa Hakorimana: "Miye ni shangazi ya Darius. Niko na neno yake, na siwezi kumuambia yeye peke yake. Hapa Mubi yeye haina ndugu. Nakuomba unikopeshe watu."

Papa Hakorimana alifunga duka lake. Mama yake Astrid alivaa kitambaa kichwani. Waliita majirani, waliita na wazee wawili wa Masisi wanaokaa karibu na daraja. Shangazi hakuwaeleza ni neno gani, lakini watu wazima walielewa, ndiyo maana walikuja wengi.

Nilikuwa na simu ya mtu mkononi nilipoona watu wanaingia mmoja mmoja bila kusalimia kwa sauti. Wakaondoa vitu vyangu kwenye benchi, wakakaa. Wengine walisimama nje. Nikamwona shangazi nyuma yao. Amekonda, dada. Nikainuka nikitaka kumwambia kwamba yote najua, kwamba niliandika, kwamba hana haja. Akanyoosha mkono.

"Nyamaza kwanza," alisema. "Ile ulisoma kwa mashine haikukuwa habari. Mutu haambiwe na mashine. Nimekuya kukuambia."

Nikakaa. Papa Hakorimana akaja kukaa kuliani kwangu, karibu hata nikasikia joto la bega lake. Valens akakaa kushoto. Astrid alikuwa mlangoni, ameshika mkono wa mama yake.

Shangazi hakuanza na kifo. Kwanza aliwaambia watu wote yeye ni nani, na baba yake alikuwa nani, na kwamba alifanya kosa: aliandika neno kwa jina la kaka yake. Alilisema mbele ya wageni, wala hakuinamisha kichwa. Kisha akamgeukia Papa Hakorimana. "Kaka yangu hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alisema Darius akuye na huyu mubinti amuone na macho yake. Ndio ile tu alisema. Miye macho yake sina. Lakini nimekuya kumuona."

Akamtazama Astrid, akamtazama kwa muda, na Astrid hakukimbia. Shangazi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali bei. Harusi itakuwa ama haitakuwa, hilo tutalijua kilio kitakapomalizika. Jana Papa Hakorimana alinitumia mkeka wake mwenyewe nikalie.

Ndipo shangazi akapiga magoti mbele yangu, lile goti lisilokunjika akalikunja, akashika mikono yangu yote miwili.

"Darius, mutoto ya Kabera," alisema. "Baba yako amekufa."

Dada, nilijua tangu Machi. Nilikuwa nimelala na neno hilo na kuamka nalo, nimelitia kwenye chai yangu, nimelizoea. Lakini lilipotoka kinywani mwake mbele ya wale watu nikasikia mtu analia kwa sauti na alikuwa mimi, na Papa Hakorimana na Valens walinishika.

Kaka yako,
Darius